Anunuaye Mota Siye Alipaye Umeme

Mtu akiulizwa umeme wa mji wake unakwenda wapi, aghalabu atainua uso aitazame taa, maana taa ndiyo ionekanayo ikiwaka na ndiyo ikumbukwayo ikizimika. Ilhali hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa karibu nusu ya umeme wote utumikao duniani huishia katika mota: mota zivutazo maji visimani na mitoni, zizungushazo feni na vinu vya nafaka, zisukumazo kompresa za majokofu na viyoyozi, zipandishazo lifti za maghorofa, na zigandishazo barafu ya wavuvi wa Feri na Malindi. Mota haina nuru ya kujitangaza. Huwekwa chini ya ngazi, nyuma ya ukuta, juu ya paa, au ndani ya kibanda cha pampu kilichofungwa kufuli, na kwa kuwa haionekani, israfu yake haina shahidi isipokuwa mita, na mita nayo haisemi ni nani aliyekula nini.

Kila bei ya uniti inapopanda, au mabwawa yanapokauka, husikika mahubiri yale yale ya kuwataka raia wazime taa watokapo chumbani na wasiache pasi ikiwaka. Siyadharau mahubiri hayo, lakini nadai kuwa yanampiga asiye na kosa. Umeme mwingi tunaoupoteza unapotea kwa sababu mnunuzi wa mota, au mjenzi wa nyumba, kwa kawaida si mtu yule atakayelipa umeme wake. Na maadamu mambo yamepangwa hivyo, nasaha peke yake haitafua dafu.

Tuanze na mota yenyewe. Mota ya fezi tatu, ambayo Nikola Tesla na Mwitaliano Galileo Ferraris waliitangaza misingi yake mwaka 1888, kila mmoja kwa njia yake, na ambayo Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliipa mwaka uliofuata umbo tulijualo hadi leo, ni chombo kivumilivu kupita kiasi: haina vipande vingi vya kulika, hustahimili vumbi na joto, na ikitiwa grisi kwa wakati yaweza kufanya kazi miaka 20 bila kumsumbua mwenyewe. Uvumilivu huo ndio uliotulevya. Chombo kisicholalamika hakiulizwi kinakula kiasi gani, wala hakuna anayejishughulisha kusoma kibati kidogo kilichopigiliwa ubavuni mwake, ambacho kwa mota za siku hizi huonyesha daraja la ufanisi: IE1 kwa mota ya kawaida, IE2 kwa iliyo bora zaidi, IE3 na IE4 kwa zile ambazo shaba yake ni nyingi, chuma chake ni teule, na feni yake imechongwa kwa uangalifu zaidi.

Tafauti kati ya madaraja hayo huonekana ndogo mpaka mtu apige hesabu. Chukua mota ya kilowati 11, ya ukubwa ule uendeshao mashine ya kusaga katika mitaa mingi yetu. Kwa kipimo cha kimataifa, mota ya namna hiyo yenye nguzo nne za sumaku, ikiwa ya daraja la IE1, hugeuza asilimia 87.6 ya umeme inaoupokea kuwa kazi, na uliobaki hupotea kuwa joto katika shaba, katika chuma, katika beringi na katika upepo wa feni yake yenyewe. Ya daraja la IE3 hugeuza asilimia 91.4. Mota hiyo ikifanya kazi kamili saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ile ya kwanza itakula uniti zipatazo 37,700, na kwa bei ya kawaida ya shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, ambayo pamoja na kodi na tozo imekuwa takriban shilingi 356 kwa uniti, mwenye mashine atalipa zaidi ya shilingi milioni 13 kwa mwaka mmoja. Ile ya pili itapunguza uniti zipatazo 1,560, yaani shilingi laki tano na nusu, kila mwaka, kwa kazi ile ile na unga ule ule.

Msomaji aitulize kalamu yake hapa kidogo. Mota ambayo mnunuzi alipigania punguzo la shilingi elfu hamsini dukani hula umeme wa mamilioni kabla haijatimiza mwaka, na itaendelea kula hivyo kwa umri wake wote, hata bei yake ya dukani, ikilinganishwa na gharama zote za maisha yake, haifiki hata sehemu moja ya ishirini. Hakuna bidhaa nyingine nyumbani au kazini tuinunuayo kwa namna hii ya kufumba macho. Mnunuzi wa lori huuliza linakunywa lita ngapi. Mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa huuliza anakula nini. Mnunuzi wa mota huuliza bei, rangi, na kama ipo tayari leo.

Mwenye mashine ya kusaga walau ana insafu moja upande wake: yeye ndiye anunuaye na yeye ndiye alipaye, na kama amenunua vibaya ni kwa sababu fedha ya mkononi haikutosha, au kwa sababu muuzaji hakuwa na daraja jingine la kumwonyesha. Lakini mota nyingi za mjini hazinunuliwi naye. Pampu ya jengo la ghorofa 10 huchaguliwa na mkandarasi ambaye ameshinda zabuni kwa kuwa wa bei ya chini, naye, akishakabidhi funguo, hataiona ankara ya umeme wa jengo lile hata siku moja. Viyoyozi vya nyumba ya kupangisha huchaguliwa na mwenye nyumba, ilhali anayeingiza tokeni za LUKU, au za TUKUZA kwa upande wa Unguja, ni mpangaji. Na katika ofisi za umma anunuaye ni idara ya manunuzi, alipaye ni mhasibu wa idara nyingine, na atumiaye ni karani asiyeijua hata moja ya hesabu hizo. Kila mmoja wa watu hawa anaweza kuwa mwaminifu na mchapakazi, na hasara ikapatikana vile vile.

Kuna mtu wa tatu katika hadithi hii asiyetajwa kabisa, naye ni fundi wa kusuka mota. Nimepata kukaa katika karakana za kazi hii pande za Kariakoo na Gerezani, na ningependa wale waandikao sera za nishati wakae huko kidogo pia. Mota iliyoungua huletwa juu ya mkokoteni, ikinuka vanishi. Fundi huifungua vifuniko, huitoa rota, huhesabu mizunguko ya waya katika koili moja kabla hajaikata, na kuiandika idadi kwa chaki juu ya gamba la mota. Kisha, kwa kuwa koili zilizogandamana kwa vanishi hazitoki kwa mkono, huzitia moto, pengine kwa matambara yaliyolowa mafuta machafu, pengine kwa mtungi wa gesi, hata tumbo zima la mota likawa jekundu. Hapo ndipo madhara huanza. Chuma kile si kipande kimoja, bali ni mabamba membamba mamia yaliyobanwa pamoja, kila moja likiwa limepakwa utando wa kuzuia umeme usivuke kwenda kwa mwenziwe. Moto ukizidi nyuzi 370 au karibu na hapo, utando huungua, na tangu siku ile mikondo ya umeme itazunguka ndani ya chuma bila kufanya kazi yoyote ila kukipasha joto.

Halafu huja suala la waya. Waya wa unene ule ule wa kiwandani huenda haupo dukani siku hiyo, na mteja amesimama mlangoni, na watu wameacha madebe yao ya mahindi kwenye mashine. Basi fundi hutia waya mwembamba kidogo, au hupunguza mizunguko miwili mitatu ili koili ziingie. Mota inawashwa, inavuma, kila mtu anashukuru. Hakuna ajuaye kuwa imepoteza asilimia moja au mbili za ufanisi wake, ambazo kwa mota niliyoitolea mfano zaweza kuwa zaidi ya shilingi laki tatu kwa mwaka, na kwamba ikisukwa tena mara ya pili na ya tatu kwa njia ile ile itapoteza zaidi.

Sitaki nieleweke kuwa namlaumu fundi. Uchunguzi uliofanywa na jumuiya za mafundi wa mota za Marekani na Uingereza, uliochapishwa mwaka 2003, ulithibitisha kuwa mota ikisukwa kwa taratibu sahihi, koili zikaunguzwa ndani ya tanuri lenye kipima joto, waya ukawa wa unene ule ule au zaidi, hubaki na ufanisi wake karibu wote. Tanuri la namna hiyo si muujiza. Karakana tano au sita zikiungana zaweza kulimiliki kwa shirika, na vyuo vya ufundi vya VETA vyaweza kuufundisha utaratibu huo kwa muda mfupi. Lakini hakuna aliyewahi kumlipa fundi zaidi kwa kazi iliyo bora zaidi, kwa kuwa ubora wake hauonekani kwa macho, na fundi naye ana watoto wa kulisha.

Kosa kubwa kuliko hayo yote ni la ukubwa. Mhandisi akokotoaye pampu huongeza ziada kidogo kwa tahadhari. Mkandarasi naye huongeza yake. Muuzaji hutoa saizi ya juu iliyo karibu. Na mwisho wa yote hufungwa pampu yenye nguvu mara moja na nusu ya haja, ambayo maji yake yakizidi, mtu hutumwa akafunge koki nusu. Pampu husukuma kwa nguvu zake zote, na koki huzuia, mchana na usiku, mfano wa nahodha aliyetweka tanga zima na nanga ingali baharini. Dawa yake inajulikana: ni kifaa cha kupunguza mwendo wa mota yenyewe, ambacho mafundi wetu wamezoea kukiita inveta, na faida yake hutokana na kanuni iwashangazayo hata wanafunzi wa ufundi wanapoisikia mara ya kwanza, kwamba nguvu zinazohitajiwa na feni au pampu ya kuzunguka hupungua kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake, hata ukishusha mwendo ukawa asilimia 80, umeme unaohitajika hushuka ukawa asilimia 51 tu. Haki ya kuongeza ni kwamba pampu inayopandisha maji kimo kirefu haivuni faida hiyo yote, maana kilima hakipungui kwa kupunguza mwendo. Feni za viwandani na pampu za kuzungusha maji ya baridi katika majengo makubwa ndizo huvuna karibu yote.

Nimetaja maji, na siwezi kuyaacha. Jiji la Dar es Salaam hunyweshwa kwa sehemu kubwa na mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu, ambayo kwa pamoja ilijengewa uwezo wa kutoa zaidi ya lita milioni 460 kwa siku. Na maji hayo hayafiki mjini kwa hisani ya mteremko, husukumwa na mota kwa makumi ya kilomita. Kwa hiyo bomba lililopasuka pale Kimara au Tabata, likamwaga maji barabarani wiki nzima watu wakiruka madimbwi, linamwaga umeme pia, umeme ambao ulikwisha kulipiwa Ruvu. Vivyo hivyo viwandani: hewa ya kompresa ivujayo katika viungo vya mipira, ambayo husikika ikilia sss usiku mashine zikinyamaza, huchukua mara nyingi robo ya kazi yote ya kompresa. Fundi mwenye spana, mkanda wa plastiki na sikio zima anaweza kuiokoa kwa siku mbili. Hatumwagizi, kwa kuwa kuvuja kwa hewa hakulowanishi sakafu.

Sasa tugeukie nyumba, ambamo mota na ukuta hugombana. Kiyoyozi kimsingi ni mota iendeshayo kompresa, na kazi yake ni kutoa nje joto ambalo nyumba imeliruhusu kuingia. Kwa hiyo kila uniti inayookolewa na kivuli ni uniti ambayo mota haikuombwa. Wazee wa pwani hii waliyajua haya kwa njia yao. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene kiasi cha nusu mita, ambazo jua la mchana huchukua saa nyingi kuzipenya. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko haukuruhusu zaidi ya mita tatu hivi, lakini dari zake zilikuwa juu na upepo ulipita. Katikati palikuwa na ua ulio wazi, na njia za mtaa zilibanwa hata ukuta mmoja ukautia mwingine kivuli kwa sehemu kubwa ya siku. Nje palipakwa chokaa nyeupe iliyolirudisha jua lilikotoka.

Sisemi turudi huko. Nyumba zile zilikuwa za matajiri, zilikuwa na unyevu, na nyingi kati yao zimejengwa kwa jasho la watu ambao hawakuulizwa kama wanapenda kazi hiyo. Wala mikoko haitoshi leo, na hapana haja ya kuimaliza. Lakini yule aliyezijenga alijua jua linachomoza wapi na kutua wapi, na hilo ndilo linaloonekana kusahauliwa na baadhi ya wachoraji wa majengo ya sasa, ambao huleta kutoka nchi za baridi mchoro wa jengo la vioo vitupu, lililobuniwa ili kulikaribisha jua ndani, wakalisimamisha mahali ambapo jua ni mgeni asiyehitaji kukaribishwa.

Hesabu ya jua kwetu ni nyepesi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupita karibu na utosi. Dar es Salaam hulipata kichwani kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo madirisha yatazamayo kaskazini na kusini hulindwa kwa urahisi na upenu wa wastani, na yatazamayo mashariki na magharibi hayalindwi na upenu wowote, maana jua la asubuhi na la alasiri huingia kwa ubavu. Jengo refu linalolala kwa kufuata mstari wa mashariki na magharibi, likiwa na upande mfupi tu wa kulikabili jua la saa kumi, limekwisha okoa umeme kabla halijawekwa hata swichi. Na lipokealo jua kuliko ukuta wowote ni paa: bati lisilopakwa rangi, lililoshika kutu, laweza kupita nyuzi 60 za joto adhuhuri, na lile joto hushuka moja kwa moja juu ya vichwa vya wakaao chini yake kama hakuna dari. Kulipaka rangi nyeupe na kuweka dari yenye nafasi ya hewa juu yake ni kazi ya fundi wa mtaani. Watu wengi wa nyumba za bati hawana kiyoyozi wala hawatarajii kukipata, na kwao faida yake si ya uniti bali ni ya usingizi.

Kisha kuna desturi zetu za ofisini, ambazo naona haya kidogo kuzieleza. Katika majengo mengi ya umma na ya benki, kiyoyozi huwekwa nyuzi 18 au 19, na ndani yake watumishi huketi wamevaa makoti na sweta, Januari, huku nje kaskazi ikivuma na watu wakitiririkwa jasho. Suti ya sufu iliyotungwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Ulaya imetulazimisha kuagiza na hali ya hewa yenyewe. Serikali ya Japani, mwaka 2005, iliamuru ofisi zake ziwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi na ikawaruhusu watumishi waache tai na makoti, na Waziri Mkuu wa siku hizo, Koizumi, alitokea hadharani bila tai ili asiwepo wa kuona aibu. India nayo imeamuru kwamba kuanzia Januari 2020 viyoyozi vyenye nembo ya nyota vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24, kwa hoja ya idara yao ya ufanisi wa nishati kuwa kila nyuzi moja inayopandishwa huokoa kama asilimia 6 ya umeme. Sisi tuna shati la kitenge, tuna kanzu, tuna kaunda suti ya mikono mifupi ambayo kizazi cha uhuru kilifanyia kazi kubwa kuliko hizi zetu bila kuoneka hakina heshima.

Wapo watakaoniuliza: haya ya nini tena, nasi tumekwisha jenga bwawa? Ni kweli. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na tangu mtambo wake wa kwanza ulipowashwa Februari 2024 tumeona jambo geni kwetu, la mitambo kupumzishwa kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Lakini wingi katika Rufiji si wingi katika transfoma ya mtaa wako. Umeme husafiri, na safari huugharimu: mwaka 2025 Serikali ilieleza kuwa mikoa ya kaskazini ingepata nafuu kwa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu ule utokao kusini hupungua njiani. Transfoma ilemewayo saa mbili usiku, majokofu na viyoyozi vyote vikiwa kazini, haiponyi kwa bwawa. Huponywa ama kwa transfoma nyingine, ambayo ni fedha, ama kwa mota zinazokula kidogo.

Na Wazanzibari hawahitaji kuelezwa. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ule wa kwanza, wa mwaka 1980, uliokuwa na uwezo wa megawati 45, ulipolemewa na ukuaji wa mji na mahoteli, njia yake ilikatika Mei 2008 kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, kisha ikakatika tena Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Waya wa megawati 100 ulilazwa mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani, na tangu hapo mahoteli yameongezeka, na kila hoteli ni mkusanyiko wa mota: za viyoyozi, za mabwawa ya kuogelea, za kufulia, za kusafisha maji ya chumvi. Mahali ambapo kila megawati hupitia mlango mmoja, ufanisi wa mota ni sehemu ya ulinzi wa kisiwa, na ningedhani leseni ya hoteli mpya ingeuliza juu yake kabla ya kuuliza juu ya idadi ya vitanda.

Wenzetu wamefika mbali kwa sheria. Umoja wa Ulaya tangu 2015 umezuia kuuzwa mota za kilowati 7.5 na kuendelea ambazo hazijafikia IE3, isipokuwa za IE2 zilizofungiwa kifaa cha kurekebisha mwendo, ambazo ziliruhusiwa hadi katikati ya 2021, na tangu Julai 2023 mota kubwa za kilowati 75 hadi 200 hudaiwa IE4. Ghana ilipiga marufuku majokofu na viyoyozi vya mitumba tangu 2013, kwa kuwa yalikuwa yakiwafikia maskini kwa bei nafuu na kuwafukarisha kwa umeme. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, iliwalazimisha watumiaji wakubwa wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na kwa kanuni za 2016 ikaweka nembo za ufanisi kwa majokofu, viyoyozi, taa na mota za fezi tatu. Hili la mitumba latuhusu sana, maana kile ambacho Ulaya na nchi za Ghuba zimekikataa kwa sheria zao hakitupwi baharini. Hupakiwa kontena, na bandari zake ni zetu. Mota ya mtumba ina sifa ya kuwa ya chuma kizito na ya asili, na wanunuzi wengi huipenda kuliko mpya ya bei rahisi, pengine kwa haki. Lakini kama imesukwa mara ngapi na kwa moto gani, kontena halisemi. Nembo bila maabara ya kupima ni karatasi tu, na hapo ndipo ningependa shilingi za kwanza ziende, kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kwa wenzao wa Kenya na Uganda, wawe na mahali pa kuifunga mota, kuitwisha mzigo, na kusema kweli yake.

Lakini sheria huchukua muda, na upo mkoba mmoja unaoweza kuanza kesho. Mamlaka za maji, hospitali, vyuo na ofisi za Serikali ndizo wanunuzi wakubwa wa pampu na viyoyozi, na hapo anunuaye na alipaye, mwisho wa yote, ni mmoja: ni hazina ya umma, ijapokuwa idara mbili hazisalimiani. Sheria ya manunuzi imekwisha taja thamani ya fedha. Basi kila zabuni ya pampu, mota au kiyoyozi iwe na safu mbili za bei, ya kununulia na ya umeme wa miaka 10, na mshindi apatikane kwa jumla ya hizo mbili. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kila mwaka hutuorodheshea magari yaliyolala na majengo yasiyokwisha, aanze kuuliza mamlaka ya maji ya kila mji inatumia uniti ngapi kwa kila lita elfu moja inayomfikia mteja. Jibu la swali hilo lichapishwe, mji kwa mji, bila kusubiri mwaka wa fedha mwingine.